Kwa nini Hester hakuhama Boston? Dhambi, hatia na aibu katika riwaya ya Hawthorne

Kila nikiizungumzia The Scarlet Letter na mtu aliyeimaliza kwa mara ya kwanza, swali huwa lilelile: kwa nini Hester Prynne, mwanamke aliyefungwa kwa uzinzi na kulazimishwa kuvaa herufi kifuani, hakuhama? Hukumu yake haikumlazimu abaki Boston, Amerika. Siku alipotoka gerezani alikuwa huru kupanda meli arudi Uingereza alikozaliwa, au kuingia ndani ya msitu ule mkubwa akaanze maisha upya kwa jina jingine. Mwandishi wake, Nathaniel Hawthorne, haikwepi hoja hiyo. Anaitaja waziwazi katika sura ya tano, kisha anampeleka mwanamke huyu na mtoto wake mchanga kwenye kibanda kilichoezekwa kwa nyasi, ufukweni, pembezoni mwa mji uleule uliomwaibisha, na anamwacha hapo kwa miaka saba.

Nimekuja kuamini kwamba anayelijibu swali hilo vizuri ameielewa riwaya nzima. Sisi tunaoisoma tukiwa na Kiswahili kichwani tuna msaada, kwa sababu lugha yetu imeyatenga mambo ambayo Boston ile iliyafunga furushi moja. Dhambi ni baina ya mtu na Mungu wake. Hatia huitamka hakimu mchana, na usiku nafsi humsuta mtu kwa hiyo hiyo. Aibu, kwa upande wake, haisimami mpaka yawepo macho ya watu. Hata ndani ya aibu tunapambanua: mwenye haya tunamsifu kuwa amelelewa, aliyefedheheshwa ameangushwa na wenzake, na aliyeumbuka ni yule aliyekuwa akificha jambo, likajitokeza lenyewe. Hester amefedheheshwa. Mwanamume aliyezaa naye anaishi kila siku akiogopa kuumbuka. Ni mizigo miwili tofauti, na ni mmoja tu kati yake unaoweza kuachwa nyuma kwa kuhama mji.

Hadithi inaanza mwaka 1642. Boston wakati huo ilikuwa na umri wa miaka 12 tu. Waliouanzisha mji huo walikuwa Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza walioona kwamba Kanisa la Uingereza halijatakaswa vya kutosha. Kiongozi wao, John Winthrop, aliwaambia mwaka 1630 kwamba wangekuwa kama mji uliojengwa juu ya kilima, na kwamba macho ya watu wote yangewatazama. Waliamini wamefunga agano na Mungu wakiwa jamii nzima, si mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo mmoja akianguka, ghadhabu ingeweza kushuka juu ya wote: mavuno yakaharibika, tauni ikaingia. Ndiyo maana jambo la chumbani likawa shauri la mji.

Wakati huohuo walifuata mafundisho ya Calvin, mwanateolojia wa Kiprotestanti: Mungu amekwisha kuwateua watakaookoka tangu kabla ya kuumbwa ulimwengu, na hakuna tendo jema linaloweza kukuingiza katika orodha hiyo. Mtu afanye nini basi? Ajichunguze. Atafute ndani yake dalili za neema, na akitaka kuwa mshirika kamili wa kanisa, asimame asimulie mbele ya wenzake jinsi neema ilivyomfikia. Jamii ya namna hiyo huzoea kusoma uso wa mtu kama mtu asomavyo barua, na huzoea pia kuamini kwamba imeisoma sawasawa.

Tuje kwenye sheria, maana hapa wasomaji wengi hupotea. Katika koloni la Massachusetts, tangu mwaka 1631 adhabu ya uzinzi ilikuwa kifo. Haikuwa tishio tu. Mwaka 1644 walinyongwa watu wawili, James Britton na Mary Latham. Winthrop ameyaandika hayo katika kumbukumbu zake: Mary alikuwa na umri wa miaka kama 18, ameolewa na mzee asiyempenda. Tena sheria ilitazama ndoa ya mwanamke peke yake. Mwanamume mwenye mke akilala na msichana asiyeolewa, kosa lake lilihesabiwa kuwa dogo zaidi. Lakini yeyote aliyelala na mke wa mtu, hata kama yeye mwenyewe ni kapera, alistahili kitanzi. Kumbuka jambo hilo utakapotaka kumcheka mchungaji wa hadithi hii, yule aliyezaa na Hester, kwa woga wake.

Herufi nayo ni ya kweli, ingawa Hawthorne ameirudisha nyuma nusu karne. Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1694 iliondoa kifo, ikaamuru mkosaji akae juu ya jukwaa la kunyongea saa nzima akiwa na kamba shingoni, achapwe viboko visivyozidi 40, kisha avae daima juu ya nguo yake herufi A yenye urefu wa inchi 2, ya rangi isiyofanana na vazi. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya uzinzi. Riwaya yenyewe hailitamki neno hilo hata mara moja. Mji mzima unaona herufi, msomaji anaona herufi, neno halisemwi.

Sasa msogelee Hester anapotoka gerezani. Nje wamesimama wanawake wakimngoja. Mmoja anasema angepigwa chapa ya chuma cha moto kwenye paji la uso. Mwingine anataka auawe, kwa kuwa Maandiko na sheria vyote vimesema. Mke mmoja kijana, aliyemshika mtoto wake mkono, anajibu kwa upole kwamba hata akiifunika alama hiyo, uchungu wake utabaki moyoni. Kisha mlango unafunguliwa. Hester ana mtoto wa miezi mitatu mikononi, na jambo la kwanza linalomjia ni kumkumbatia kifuani ili aifunike herufi. Papo hapo anatambua kwamba mtoto naye ni ushahidi uleule, na ushahidi hauwezi kufunikwa kwa ushahidi. Anamhamishia kwenye mkono mmoja, anainua uso. Uso unawaka kwa aibu, midomo ina tabasamu la kiburi. Na kifuani ipo herufi A ya kitambaa chekundu kizuri, iliyotariziwa kwa uzi wa zari, yenye nakshi na mapambo kupita kiasi ambacho sheria za mji ziliruhusu katika mavazi.

Mwenye kujua sindano atanielewa: tarizi ya namna ile haishonwi kwa haraka. Aliishona akiwa kifungoni, akijua ni ya nini. Mahakimu walichagua herufi; mshono alichagua yeye. Tangu hapo hukumu yao ina sauti mbili, na hawawezi tena kuipokonya ile ya pili. Kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote katika kitabu. Alama unayomvika mtu lazima aivae yeye, na namna atakavyoivaa huna mamlaka nayo.

Sindano hiyohiyo ndiyo inayomlisha. Magavana wanavaa kola zake siku za sherehe, watoto wachanga wanavishwa nguo zake, wafu wanazikwa katika kazi ya mikono yake. Kitu kimoja tu hajawahi kuombwa atarizi: shela jeupe la bibi harusi. Kwenye sanda anaitwa, kwenye shela haitwi. Hawthorne analitaja hili kwa sentensi chache na kupita, lakini linaonyesha vizuri jinsi aibu ya hadharani inavyofanya kazi. Jamii haimfukuzi aliyeaibishwa, inamhitaji. Inamwekea mpaka tu, na mpaka wenyewe unapita mahali ambapo watu wanaogopa kuambukizwa.

Mwanamume aliyezaa naye ni Arthur Dimmesdale, mchungaji kijana, msomi, kipenzi cha Boston. Siku Hester aliposimamishwa jukwaani mbele ya mji, Dimmesdale anaamriwa na wakubwa wake amshawishi Hester amtaje baba wa mtoto. Anainama kutoka roshani na kumsihi, kwa sauti inayotetemeka, asimhurumie mtu huyo: ni heri ashuke kutoka mahali pa juu alipo asimame kando yake kuliko kuficha moyo wenye hatia maisha yake yote. Umati unasikia mahubiri. Hester anasikia mtu anayeomba afanyiwe kazi ambayo hana ujasiri wa kuifanya. Anakataa kumtaja. Watu wengi husema kukataa kwake ni upendo tu. Mimi naona pia kwamba amemrudishia mzigo wake mwenyewe.

Hapo ndipo fundo gumu zaidi la riwaya lilipo. Dimmesdale anaungama. Anaungama mara nyingi, mimbarani, mbele ya kanisa lote. Anawaambia yeye ni mchafu, mwenye dhambi kuliko wote, chukizo. Nao wanafanya nini? Wanamheshimu zaidi. Wanasema: ikiwa kijana mtakatifu huyu anaona uovu wa namna hiyo katika roho yake safi, ataona nini katika yangu! Katika jamii inayofundisha kwamba kila binadamu ni mwenye dhambi, kusema “mimi ni mwenye dhambi” hakumwambii mtu chochote. Ni maneno ya ibada. Ungamo lenye uzito ni lile lenye jina, siku na mahali, na hilo ndilo asiloweza kulitamka. Hawthorne hamsamehi: anasema wazi kwamba mchungaji alijua jinsi maneno hayo yatakavyopokewa. Alisema kweli tupu na kuigeuza kuwa uongo.

Matokeo yake ni mwili kuoza polepole. Anafunga chakula mpaka magoti yanatetemeka, anakesha, kabatini ameficha mjeledi anaojichapa nao. Mkono wake hauondoki kifuani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa Dimmesdale msemo huo ni wa kweli neno kwa neno: Hester amevaa herufi juu ya nguo, yeye anayo chini yake. Hester ana aibu, lakini majuto yake si kamili. Msituni, miaka saba baadaye, atamwambia kwamba walichofanya kilikuwa na utakatifu wake. Dimmesdale ana majuto yasiyo na aibu, na majuto ya namna hiyo hayana pa kutokea.

Anayeyajua hayo yote ni mtu wa tatu. Mume wa Hester, aliyedhaniwa amezama baharini, alifika Boston siku ileile mkewe alipokuwa jukwaani. Akajiita Roger Chillingworth, akamwapisha mkewe asimtaje, akawa tabibu wa mchungaji na kuhamia nyumba moja naye. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Lakini mwosha mwema huificha kwa kuwa anamheshimu marehemu, na huyu anaificha ili aendelee kuichokonoa. Anaongeza dawa huku anachimba. Dimmesdale baadaye anasema kisasi cha mzee huyo ni kiovu kuliko dhambi yao, kwa kuwa ameuvunjia heshima moyo wa binadamu bila hata joto la hasira. Kisheria Chillingworth hana hatia, na mbele ya mji hana aibu. Hakuna mahakama ya Boston ingeweza kumshitaki kwa lolote.

Katikati ya kitabu upo usiku ambao Dimmesdale anapanda jukwaani peke yake, gizani, mji umelala. Hester na mtoto wao, Pearl, wanapita wakitoka kwenye kitanda cha mauti cha Gavana Winthrop, alikokwenda kuchukua vipimo vya vazi la maziko. Anawaita, wanasimama wote watatu wameshikana mikono. Pearl anauliza: kesho adhuhuri utasimama hapa na mama na mimi? Hapana, anajibu, siku ya kiyama. Kimondo kikubwa kinaangaza mbingu, na mchungaji anaona herufi A juu angani. Asubuhi mhudumu wa kanisa anamkabidhi glavu yake nyeusi, iliyookotwa jukwaani, mahali wanaposimamishwa waovu. Ushahidi uko mkononi mwa shahidi. Na mhudumu huyo anasema bila shaka Shetani ndiye aliyeitupa pale kwa kejeli. Kuhusu herufi ya angani, anaeleza, watu wameielewa kuwa ni malaika, kwa vile neno hilo nalo kwa Kiingereza huanza na A, na gavana mwema amefariki usiku huohuo. Watu hao hao wamekwisha kusema kwamba A ya Hester, kwa jinsi anavyowauguza wagonjwa na kuwasaidia maskini, ni ya neno la Kiingereza la mwenye uwezo. Walioiandika herufi hawaisomi tena kama walivyoiandika.

Hawthorne aliyaandika haya akiwa na deni la ukoo. Alizaliwa Salem mwaka 1804. Babu wa mababu zake, William Hathorne, alikuwa hakimu aliyewatesa Wakweka, Wakristo wa madhehebu mengine. Mwanawe, John Hathorne, aliwahoji washitakiwa wa uchawi wa Salem mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa na mzee mmoja akafa akikandamizwa kwa mawe. Katika dibaji ya riwaya, iliyotoka mwaka 1850 baada ya yeye kupoteza kazi katika forodha ya Salem, mwandishi anasema hajui kama mababu zake walitubu, na kwamba yeye kama mwakilishi wao anajitwisha aibu yao.

Na hapa inafaa kumtaja hakimu mwingine wa kesi zile, Samuel Sewall. Tarehe 14 Januari 1697 alisimama kanisani Boston mbele ya watu wote wakati mchungaji akisoma hati yake ya toba, ambamo alisema anachukua lawama na aibu ya yaliyotendeka. Lawama na aibu, vyote viwili, kwa kitendo kinachojulikana. Tukio hilo linatusaidia kutowaonea Wapuritani. Kusimama hadharani kwao kulikuwa pia mlango wa kurudi: aliyeungama kanisani aliweza kupokewa tena. Jukwaa la Hester lilikuwa la serikali, halikuwa na mlango huo. Ndiyo tofauti ambayo mahakimu wa riwaya hawaioni. Wanadhani fedheha ya kulazimishwa italeta toba, na miaka saba baadaye msimulizi anakiri kwamba herufi haikufanya kazi yake. Katika upweke ule Hester amejifunza kufikiri mambo ambayo, msimulizi anasema, mababu zetu wangeyaona kuwa uhalifu mbaya kuliko ule wa herufi.

Ipo hadithi fupi ya Hawthorne ya mwaka 1835, Young Goodman Brown, inayonisaidia kumwelewa Hester kwa kinyume chake. Kijana anaingia msituni usiku na kuwaona wacha Mungu wote wa kijiji chake katika mkutano wa wachawi. Kama ni ndoto au kweli, haambiwi. Tangu siku hiyo hamwamini mtu, wala mkewe, mpaka anakufa na huzuni yake. Hester naye anapata maarifa yaleyale: herufi inampa hisia ya ajabu ya kutambua dhambi iliyofichwa katika mioyo ya wanaopita na heshima zao. Brown aliposhika maarifa hayo aliwahukumu watu. Hester anakwenda kuketi kando ya vitanda vyao wakiugua. Nadhani ni kwa sababu yeye tayari amehukumiwa, hana sifa ya kulinda.

Msituni wanapokutana, Hester na Dimmesdale wanapanga kutoroka kwa meli. Hester anaibandua herufi, anaitupa, anafungua nywele, jua linapenya. Pearl yuko ng'ambo ya kijito. Anamtazama mama asiye na herufi na anakataa kuvuka. Anapiga kelele, anaonyesha kifua kwa kidole, mpaka Hester anaiokota na kujibandika tena. Ukatili wa mtoto? Kwa Pearl herufi ile haijawahi kuwa aibu. Ndicho kitu cha kwanza alichokitambua alipofumbua macho kitandani, ndiyo mama.

Kutoroka hakufanyiki. Siku ya kusimikwa gavana mpya, mwaka 1649, Dimmesdale anahubiri kuliko alivyowahi kuhubiri, kisha anapanda jukwaani mchana kweupe akiwa na Hester na Pearl. Chillingworth anajaribu kumzuia, na maneno yake yanasema yote: hapakuwa na mahali popote duniani ambapo ungeniponyoka, isipokuwa jukwaani hapa. Mchungaji anakipasua kifua cha vazi lake, anaanguka, Pearl anambusu, anakufa. Mwishowe ungamo lina mahali na siku. Hata hivyo, baadaye baadhi ya walioshuhudia walikana kwamba palikuwa na alama yoyote kifuani. Walisema mchungaji alitoa mfano tu, wa kwamba hata mtakatifu ni mwenye dhambi. Mji ulimpenda kiasi cha kumnyima aibu yake hata alipoifia.

Hester aliondoka basi, hatimaye, akavuka bahari na bintiye. Miaka mingi baadaye mlango wa kile kibanda cha ufukweni ukafunguliwa tena. Mwanamke mrefu alisimama kizingitini peke yake, akasita, kisha akaingia, na kifuani alikuwa na herufi. Hakuna hakimu, hata aliye mkali kuliko wote, ambaye angemlazimisha. Pearl alikuwa mbali, ameolewa, ana mali. Lakini dhambi yao ilitendeka hapa, majonzi yao yalikuwa hapa, na toba ambayo mahakimu walitaka kuichomoa kwake kwa nguvu aliirudia kwa hiari yake, kwa kipimo chake mwenyewe. Wanawake wa Boston walioumizwa katika ndoa na mapenzi wakaanza kubisha hodi kibandani kwake, kuuliza kwa nini wana huzuni kiasi hiki na dawa yake ni nini.

Alipokufa walimzika karibu na kaburi la zamani lililokuwa limetitia. Waliacha nafasi kati ya makaburi hayo mawili, kana kwamba mavumbi ya waliolala hayakuwa na haki ya kuchanganyika. Jiwe lakini waliweka moja kwa wote wawili. Halikuandikwa jina la mtu. Lilichongwa ngao, na maelezo yake mafupi: juu ya uwanja mweusi, herufi A, nyekundu.